Siku Niliyompoteza Mama Mkwe Palermo

Wifi yangu alipojifungua kule Palermo, Italia, mama mkwe alitangaza mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba angeenda kumwona mjukuu, na kwamba hangeenda peke yake. "Ndege sijawahi panda," alisema, "na nikipotea huko nani atanijua?" Watoto wake wa kiume wote walikuwa na kazi zisizoachika, au hivyo ndivyo walivyosema huku wakitazama viatu vyao. Mimi nilikuwa na cherehani katika soko la Toi, Nairobi, ambako napunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu, na kazi ya namna hiyo, kwa maoni ya familia nzima, inaweza kusimama bila mtu kuumia. Tena nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilikuwa cha kuaminika. Basi nikachaguliwa.

Mama mkwe ni Mkikuyu wa Kawangware, wa zile familia zilizokuwa na shamba pale kabla lami haijafika. Leo, pale mtaa wa Kabiro, shamba hilo ni ploti ya nyumba za mabati zilizopangwa kwa mistari miwili, zinatazamana kama watu wanaodaiana maelezo. Mimi ni Mkamba. Wazazi wangu walitoka Machakos, nami nikazaliwa Kibera, Kisumu Ndogo, mahali ambapo mtoto wa Kikamba hujua Kijaluo kabla hajajua lugha ya nyanya yake. Mimi na mume wangu tunakaa katika nyumba ya mwisho ya ploti ile. Kwa hivyo huyu mama ni mama mkwe wangu na pia ndiye mwenye nyumba wangu, na mtu akitaka kujua heshima ni nini, na akae miaka kadhaa katika hali hiyo. Kwa kuwa Kikuyu changu ni cha sokoni na Kikamba chake ni cha mzaha, tunaongea Kiswahili chetu cha Nairobi. Tangu siku ya mahari aliniita "kairitu", yaani msichana, na hata baada ya kuzaa watoto watatu sijapandishwa cheo.

Siku za kwanza Palermo zilikwenda vizuri. Alimshika mtoto, akamkagua masikio, akatangaza kwamba amefanana na marehemu mzee wake hata kwa hasira. Lakini baada ya hapo hakuwa na kazi, na mama mkwe asiye na kazi ni kama maji bila mfereji. Alihamisha kabati la wifi. Alipanga upya vyombo vya jikoni, hata wifi akawa anatafuta kijiko ndani ya nyumba yake kama mwizi. Wifi hulea bibi kizee wa Kiitaliano, na ile likizo ya uzazi ilikuwa nafasi yake ya pekee ya kulala. Siku moja jioni akasema, kwa sauti tamu sana:

"Mama, kesho mtaenda kutembezwa mjini. Nimewalipia kila kitu."

"Tutatembezwa na gari?"

"Kwa miguu. Kuna mwongozaji. Anawaonyesha mji wa zamani, anawaeleza historia, kwa Kiingereza. Huyu atakutafsiria."

Mama mkwe alinigeukia polepole. "Kairitu, umesikia? Mimi nimetembea kwa miguu toka nizaliwe, na hakuna siku mtu amelipishwa."

Mimi nilikuwa najua jambo hilo vizuri kuliko yeye. Nikiwa mtoto, wageni walikuwa wakitembezwa mbele ya mlango wetu Kisumu Ndogo. Walikuja kwa mstari, wamevaa viatu vya kupanda mlima, wakiongozwa na kijana wa mtaa wetu mwenyewe. Mama yangu aliuza omena mlangoni, na mstari ulisimama hapo kila mara kwa sababu omena hupigwa picha vizuri. Siku moja kijana yule akawaambia kwamba ndani ya chumba chetu walilala watu kumi na mmoja. Wageni wakachungulia, wakahesabu, ikawa kweli ni kumi na mmoja. Sisi tulikuwa watano. Wale wengine walikuwa majirani walioingia kutazama wageni.

Kwa hivyo asubuhi iliyofuata, nilipovaa raba na kusimama kwenye mstari nyuma ya mwavuli, nilijihisi kama mtu aliyevaa koti la mtu mwingine.

Mwavuli ulikuwa wa manjano. Aliyeubeba ni mwanamume mwembamba mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu, na aliuinua juu ukiwa umefungwa, ili tusipotee. Tulikusanyika pale njia kuu mbili za mji wa zamani zinapokatana, ambapo kila pembe ina jumba lililopinda kwa ndani, lenye sanamu za wafalme juu ya sanamu za watakatifu, au kinyume chake. Kundi letu lilikuwa na vijana kadhaa wenye kamera na mzee mmoja wa Scotland na mkewe, watu wapole, wenye kofia zinazofanana.

"Mwambie afungue hiyo mwavuli ama aishushe," mama mkwe aliniambia. "Hakuna mvua."

"Anasemaje mama?" mwongozaji aliuliza kwa furaha. Alikuwa mtu wa kutaka kila mgeni ashiriki.

"Anasema mji wenu unapendeza," nilisema.

Hapo ndipo nilipoanza kubadilisha maneno yake. Sikupanga. Nilifikiri ni neno moja tu la adabu, kisha tungeendelea.

Tulitembea kidogo tu tukatokea kwenye uwanja wenye bwawa kubwa la mawe meupe linalorusha maji. Kulizunguka, ngazi kwa ngazi, walisimama watu wa mawe, wanaume na wanawake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uzi mwilini. Mama mkwe ni wa kikundi cha akina mama kanisani, na mle ndani si mwanachama wa kawaida, ana cheo. Alivuta shali lake akafunika macho. Halafu nikaona shali lina upenyo.

"Hawa ni wa nani?" aliuliza kutoka ndani ya shali.

Mwongozaji alieleza kwamba bwawa lile lilinunuliwa kutoka kwa tajiri mmoja wa mji mwingine, likaletwa vipande vipande kwa meli, na kwamba watu wa Palermo walipoliona wakaliita bwawa la aibu. Tena upande ule kulikuwa na nyumba ya masista, nao kila walipofungua dirisha walikutana na makalio ya mawe. Inasimuliwa kwamba usiku walitoka na nyundo wakavunja sanamu pua, wakakusudia kuvunja na mengine.

Nilimtafsiria hilo lote, kwa kuwa nilijua atalipenda.

"Hao masista," alisema, "ndio watu wako na akili hapa. Mwambie wangemaliza kazi."

"Anasema kazi ya mikono ni nzuri ajabu," nilimwambia mwongozaji. Akaweka mkono kifuani, akamwinamia.

Tukaingia vichochoroni, na huko mama mkwe akafungua macho yake yote. Alikuwa amekuja kama mgeni, sasa akawa mkaguzi. Aligonga ukuta wa jumba la mtawala fulani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alitazama roshani zilizoning'inia juu yetu zikiwa zimeshikwa kwa vyuma vyenye kutu, akanivuta mkono nitembee katikati ya njia. Alitaka kujua maji taka yanapita wapi. Alitaka kujua kila nyumba ina mita yake ya stima au wanagawana na kugombana. Mwongozaji alikuwa akieleza jinsi Waarabu walivyoutawala mji, wakaujaza bustani na mifereji, halafu Wanormani wakaja kutoka kaskazini wakauchukua, halafu Wajerumani, halafu Wafaransa, halafu Wahispania. Nilikuwa nikimpa mama mkwe kila taifa kwa zamu. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika hadi roshani za juu:

"Na taito didi iko na nani?"

Mwongozaji alisimama. Kiswahili hakukijua, lakini yale maneno mawili aliyajua. "Amesema hati ya ardhi?"

"Anauliza," nilisema, na jasho likaanza, "kama... kuna kumbukumbu nzuri za historia."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza. Yule mke wa mzee wa Scotland alitabasamu akitazama chini.

Mama mkwe alisimama mbele ya nyumba moja yenye ufa kuanzia dirisha la juu hadi mlangoni. "Hii itaanguka," alisema. Mwongozaji akaniomba nitafsiri, nami safari hii nikasema kweli, kwa kuwa alikuwa akiniangalia mdomo. Alicheka, akamwambia kwamba nyumba ile ilikuwa imesimama na ufa wake tangu kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

"Hiyo ndiyo nasema," mama mkwe alijibu. "Imechoka."

Soko ndilo lililotuokoa. Tuliliingia bila kutarajia: turubai nyekundu juu ya vichwa, wauzaji wakiita kwa sauti ya kuimba, samaki wadogo wa fedha wamelundikwa hata nikamkumbuka mama yangu, na moshi. Moshi ule aliutambua mama mkwe kabla ya mtu yeyote. Aliacha mstari akaufuata kama mtu anayefuata ngoma. Mwanamume mmoja alikuwa akichoma matumbo ya kondoo yaliyozungushwa kwenye kitunguu cha majani, anayageuza juu ya makaa, anayakata kwa kisu haraka haraka, anayanyunyizia chumvi na limau.

"Ngai!" mama mkwe alipaza sauti. "Kairitu, kuja uone, hawa watu wanachoma matumbo! Kumbe ni watu!"

Vijana wenye kamera walipiga picha lakini hawakula. Mzee wa Scotland alisema ana shida ya tumbo, mkewe akasema hata yeye. Mama mkwe alikula sahani yake, kisha akala ile ya mzee wa Scotland, ambayo mwongozaji alikuwa amemnunulia kwa nguvu. Mwongozaji alifurahi hata akasahau hati ya ardhi. Alimnunulia pia maandazi ya dengu na glasi ya juisi ya machungwa mekundu, na baada ya hapo kikombe cha kahawa kidogo kama kofia ya soda, kikali kama dawa ya minyoo. Nilipaswa kufikiria mambo hayo yote yanaelekea wapi. Sikufikiria.

Sikufikiria kwa sababu nilikuwa nimeona lundo la nguo. Mwishoni mwa soko palikuwa na meza ya mitumba, mitumba kabisa, na wanawake wa pale walikuwa wameinama wakiichambua kwa mikono miwili namna ile ile ya Toi, mkono mmoja unafukua na mwingine unalinda ulichokwisha kupata. Nikainama nami. Niligeuza koti moja la sufu nikatazama mshono wa ndani ya kwapa, maana hapo ndipo koti hudanganya. Lilikuwa koti la kweli. Nikajiuliza kama ningeliacha hapa lingepanda meli lenyewe, lifike Mombasa, lije Toi, na siku moja mteja aniletee nilipunguze mikono. Nilipoinua kichwa kumwonyesha mama mkwe, hakuwepo.

Nilitazama kwenye samaki. Nilitazama kwenye matumbo, ambapo nilikuwa na uhakika. Hakuwepo. Simu yake alikuwa ameizima asubuhi, akaifunga kwenye leso na kuiweka kifuani, kwa kuwa wifi alimwambia kuna wezi.

"Wui!" nilisema, Kikamba kikanirudia. Nilimwona mawazoni mume wangu uwanja wa ndege akitazama nyuma yangu, akimtafuta mama yake. Nilijaribu sentensi mbalimbali za kumwambia na hakuna hata moja iliyokuwa na mwisho mzuri. Mwongozaji aliinua mwavuli wake juu kabisa, akaufungua, akaufunga, akaufungua, kama meli inayoomba msaada. Vijana wakatumwa huku, wale wa Scotland wakatumwa kule, mimi na mwongozaji tukaingia kichochoro nyuma ya soko ambako nguo zilianikwa kutoka nyumba hadi nyumba.

Nikaita kwa nguvu zangu zote: "Mama! Mama! Maamaa!"

Madirisha yakafunguka. Mwanamke mmoja akatokea na taulo kichwani. Mwingine akatoka na mwiko. Kwenye roshani ya juu wakatokea watatu kwa pamoja, wote wakitazama chini kwa wasiwasi, kila mmoja akitafuta ni mtoto wake yupi. Neno ni lile lile kwao. Nilikuwa nimeita mtaa mzima, na mtaa ulikuwa umeitika. Mwongozaji ilibidi aeleze kwa kelele, mkono kifuani, na wale wanawake walipoelewa kwamba ni mama mkwe aliyepotea, mmoja alisema neno ambalo wenzake walilichekea sana. Mwongozaji hakulitafsiri. Kisha yule wa mwiko akanyoosha mwiko wake kuelekea mlango wa chini, mwisho wa kichochoro, uliofungwa kwa pazia la shanga.

Nilisogeza pazia. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda huku, jiko kule, picha ya Bikira Maria yenye taa ndogo ya umeme. Bibi kizee aliyevaa nyeusi toka shingoni hadi miguuni alikuwa ameketi kwenye kiti. Mbele yake, kwenye kigoda, miguu imetanuka na sufuria mapajani, alikuwa mama mkwe. Wote wawili walikuwa wakimenya maharagwe mabichi mapana, yenye maganda manene, na wakiongea. Bibi alikuwa akiongea lugha yake. Mama mkwe alikuwa akiongea Kikuyu. Hakuna aliyemngoja mwenzake amalize.

"Mama! Tumekutafuta!"

"Kwani nimeenda wapi?" alisema bila kuinua kichwa. "Nilitaka choo. Nyinyi mnatembea, mnatembea, hakuna mtu anasema choo. Nikabisha hapa nikamwonyesha tumbo. Akanielewa. Sasa huwezi ingia choo cha mtu halafu utoke tu hivyo kama mbwa. Keti umenye."

Nikaketi nikamenya. Mwongozaji alibaki mlangoni akifuta jasho, na bibi alipogundua kwamba kuna mtu wa kuelewa, akamgeukia na kuanza upya kutoka mwanzo. Aliongea kwa muda mrefu. Alionyesha dari, ambapo palikuwa na doa la maji lenye umbo la ng'ombe, na chini yake beseni. Mwishoni alizungusha vidole hewani, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeingiza mkono mfukoni mwa jirani.

"Anasema," mwongozaji aliniambia kwa Kiingereza, "dari inavuja tangu mume wake alipokufa. Anasema mwenye nyumba huja siku ya kodi tu, na akiingia hatazami juu, hutazama chini, kama aliyeangusha sarafu. Anasema wenye nyumba wote ni wezi, hapa na kila mahali."

"Anasema," nilimwambia mama mkwe, "nyumba ni ya zamani."

"Maneno yote hayo ni hiyo tu?"

"Kiitaliano ni kirefu, Mama."

"Na hii?" Alizungusha vidole vyake hewani, sawasawa kama bibi. "Hii naijua. Hii hata Kawangware iko. Amesema landlord ni mwizi. Mwambie mimi ni landlord."

"Si lazima, Mama."

"Mwambie."

Nikamwambia mwongozaji, mwongozaji akamwambia bibi. Bibi aliacha kumenya. Alimtazama mama mkwe kuanzia kilemba hadi viatu. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata akashika meno yake yasidondoke, akainuka, akamshika mama mkwe mkono, akampeleka moja kwa moja chini ya lile doa, kana kwamba amesubiri miaka yote hiyo na hatimaye mmoja wao amekuja.

Mama mkwe hakukataa kesi. Alitazama dari kwa muda, akasema hilo si dari, hilo ni bomba la jirani wa juu. Akasema mwambie landlord pia ana shida zake. Mpangaji anahama usiku na balbu. Mpangaji anaota moto ndani ya nyumba akipikia makaa, halafu analalamika ukuta ni mweusi. Nilitafsiri, mwongozaji akatafsiri, bibi akajibu, na nusu ya njia mwongozaji akaacha kutafsiri akaanza kujibu mwenyewe. Kumbe naye alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba wake alitaka kumtoa ili chumba wapewe wageni wanaokuja kutembea, wageni kama sisi. Aliuweka mwavuli kitandani akaongea kwa mikono yote miwili. Wale wa Scotland wakafika mlangoni wakati huo, wakasimama wakidhani ni sehemu ya matembezi.

Bibi akapata nguvu mpya. Mwongozaji akanitafsiria: bomba linavuja, mwenye nyumba husema nitatuma fundi, miaka inapita, fundi haji. Nikamtafsiria mama mkwe neno kwa neno, bila kupunguza, na nilipokuwa nikitafsiri nikasikia utamu ambao sikuwahi kuusikia. Nilikuwa nikimwambia mwenye nyumba wangu kwamba nyumba inavuja, na ulimi haukuwa wangu. Nikaendelea.

"Tena anasema habari ya choo."

"Choo kina nini?"

"Mlango haufungi. Komeo lilivunjika zamani. Mtu akiwa ndani inabidi ashike mlango na kamba, na akisikia miguu akohoe. Na yeye ni mama wa watu, anaona haya. Siku moja kamba ilikatika, na fundi wa stima alikuwa anapita."

Mwongozaji alikuwa akinitazama, kwa kuwa bibi hakuwa amesema neno lolote kwa muda wote huo. Mama mkwe aliweka haragwe alilokuwa ameshika kwenye sufuria, taratibu.

"Choo cha nani?"

"Cha huyu mama."

"Mimi nimetoka kwa hicho choo saa hii," alisema mama mkwe. "Iko na mlango ya mbao, nzito kama ya benki. Nilijifungia hata nikashindwa kutoka. Ni yeye alinifungulia."

Bibi, asiyejua lolote, alinipa haragwe bichi nionje. Nikalitia mdomoni lote. Mama mkwe alinitazama nikitafuna.

"Kumbe," alisema.

Tulipoaga, bibi alimjazia maharagwe kwenye mkoba, akambusu shavu hili na shavu hili. Mama mkwe akasema hatuwezi kutoka bila kuombea nyumba. Akafumba macho akaomba kwa Kikuyu, maombi ya kikundi cha akina mama, yale marefu yanayopita kila ugonjwa na kila safari. Mzee wa Scotland alivua kofia. Bibi alisema "Amina" mahali panapofaa kila mara, sijui alijuaje. Mwongozaji aliinamisha kichwa, na alipokiinua niliona macho yake yamelowa, lakini huenda ni vile alivyokuwa amekimbia.

Kituo cha mwisho kilikuwa kanisa kuu, kubwa kama ngome. Mwongozaji alieleza kwamba lilianza kuwa kanisa, likageuzwa msikiti, likarudi kuwa kanisa, na kwenye nguzo moja maandishi ya Kiarabu bado yapo. Mama mkwe hakushangaa. Alisema Kawangware anajua kanisa lililokuwa baa, na baa iliyokuwa kanisa. Nilitafsiri hilo bila kubadilisha kitu. Sikuwa na hamu tena.

Wengine walipoingia ndani, yeye alikaa kwenye benchi nje, akavua kiatu kimoja, akanionyesha nafasi kando yake.

"Fundi wa stima alikuona?"

"Aligeuka, Mama."

"Alikuona kabla ageuke ama baada?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe alikuwa akicheka kimya kimya, mkono mdomoni, kwa sababu ya kanisa. Nikacheka nami. Watalii walitupita wakidhani tumeguswa na uzuri wa lile jengo.

Alipopata pumzi akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mama mkwe. Tena ni landlord."

Alifikiri. "Ungeambia bwana yako aniambie."

"Nilimwambia."

"Alisema nini?"

"Alisema nikuambie."

Alitikisa kichwa kwa huzuni ya mama aliyezaa watoto wa kiume. "Huyo amefanana na babake," alisema, akavaa kiatu.

Wifi alipotufungulia mlango alikuwa amelala vizuri, uso wake umenyooka. Aliuliza tumeona nini. Mama yake alimwambia tumeona watu uchi, tumekula matumbo, na tumemenya maharagwe. Wifi alinitazama nimweleze. Nikasema nitamweleza baadaye, nikaenda kuyachemsha.

Wiki ya pili baada ya kurudi Nairobi, nilitoka Toi jioni nikakuta fundi yuko mbele ya choo cha ploti na mbao mpya. Mama mkwe alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, akimweleza habari za milango ya Palermo, uzito wake, na jinsi inavyofunga. Fundi alisema ndiyo mama, ndiyo mama, na akapima kwa shingo upande. Alipoondoka tukaona mlango ni mzito kweli na komeo ni la chuma, lakini umekatwa mfupi kwa chini, hata mtu akichuchumaa ndani viatu vyake vinaonekana vyote viwili.

Wapangaji walikusanyika wakatazama. Mama mkwe aliingia mwenyewe, akajifungia, akatikisa mlango kwa ndani mara kadhaa. Tuliona viatu vyake vikigeuka huku na huku.

"Inafunga!" alipiga kelele kutoka ndani. "Kairitu, uko hapo? Inafunga!"

"Niko hapa, Mama," nilisema. "Sasa fungua."

Ikabidi nimwite fundi arudi kumfungulia.